Mteremko wa Uwanja Wetu

Kwako Athumani,

Salamu siandiki. Tumeachana sasa hivi tu, umeniachia njumu zako nizipake mafuta, na kutoka hapa dukani nakusikia ng'ambo ya barabara ukicheka na wenzako. Mtu hamwandikii salamu mtu anayemsikia akicheka. Lakini uliposimama hapa mbele yangu nilikuwa na neno la kukwambia, na neno likakataa kutoka. Nikakuuliza, "Zinakubana?" Ukasema, "Hapana, Baba." Nikasema, "Basi vizuri." Miaka yote hii ya kukulea, halafu siku ya mwisho kabla hajakwenda Marekani namuuliza mwanangu habari za vidole vya miguu! Ndipo nikachukua kalamu.

Mambo ya sweta, ya nyama ya nguruwe, ya kuswali kwa wakati na ya wasichana, hayo mama yako ameyasema yote tangu Jumatatu, na bibi yako, Cucu, ameyarudia kwa Kikuyu ili yaingie vizuri zaidi. Leo asubuhi nimemwona akikutemea mate kifuani kukubariki, na wewe umesimama kama fimbo, hujui ucheke au ulie. Mimi sina baraka za kushinda zile. Mimi niko na hadithi mbili za watu waliokosa, na jambo moja ambalo nimekufanyia.

Nianze na siagi.

Wewe umezaliwa ukanikuta naitwa Fundi Siagi. Mtaa mzima wa Majengo, hata mtoto anayetumwa na kiatu cha baba yake, huambiwa "peleka kwa Siagi". Wageni hudhani zamani nilikuwa nauza maziwa. Habari yenyewe umeisikia mitaani, kila msimulizi na chumvi yake, lakini kwangu mimi hujaisikia hata siku moja. Uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la tatu. Nitafika hapo.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mji huku kwetu mlimani ulikuwa na timu: sisi Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu, Meru. Kombe lilikuwa bati lililopakwa rangi ya fedha, lakini ungetuona tulivyolitaka ungedhani ni la dunia nzima. Mimi nilikuwa kipa. Usicheke. Nilikuwa kipa hodari, na kama huamini muulize mama yako. Alikuwa msichana wa Mukurweini aliyeleta ndizi mbichi sokoni, akapita uwanjani kutazama kidogo, akabaki mpaka ndizi zikaiva.

Uwanja wetu unaujua. Umeinama. Weka mpira katikati, usiuguse, na baada ya muda utaanza safari wenyewe kuelekea mto Chania. Sisi tuliozaliwa hapa hatuuoni mteremko ule, miguu ndiyo inayoujua. Mpira wa chini ukija upande wangu wa kulia, sikuwa na haja ya kuruka. Nilijua utapinda na kushuka kuja kwangu. Niliusubiri tu, kama mtu anavyomsubiri ng'ombe wake jioni.

Fainali ikachezwa Nanyuki, kwenye uwanja uliolala sawa kama meza. Dakika zinaisha, hatujafungana, kijana mmoja wao mwembamba akapiga shuti la chini, kulia kwangu. Shuti hafifu, Athumani! Bibi kizee angelizuia kwa kanga. Mimi nikasimama nikiusubiri mpira upinde. Haukupinda. Ulinipita polepole, nikiutazama, mpaka wavuni.

Tulirudi kwa lori lililotoka Doldol na mbuzi, sisi tumejipenyeza kati ya mbuzi. Pale Chaka dereva akasimama watu wale nyama. Nikanyoosha mkono nichukue kipande, kikateleza, kikaanguka vumbini. Kipande kimoja tu, wallahi! Mutahi, beki wetu, yule yule anayekuja hapa na buti zake za shamba, akanitazama akasema, "Jamani, mpatieni huyu kitambaa. Mikono yake iko na siagi." Watu wote wakaangua kicheko. Nadhani hata mbuzi walicheka. Jina likapanda lori pamoja nasi, na tulipofika Nyeri likashuka kabla yangu.

Nilikasirika miaka. Niliacha kukanyaga uwanjani. Nikafunga sanduku langu la zana nikahamia Karatina, nikashona viatu vya watu wasionijua. Huko hakuna aliyeniita Siagi. Hakuna aliyeniita chochote. Mtu anaacha kiatu, anachukua kiatu, anakwenda zake. Nilikaa hivyo miezi kadhaa mpaka siku moja nikajikuta nimemwambia mteja, bila kuulizwa, "Mimi ndiye yule kipa wa Nyeri." Akanitazama kama mwendawazimu. Hakuwa hata anapenda mpira. Kesho yake nikarudi nyumbani, na Mutahi akawa wa kwanza kufika, kiatu kimefumuka mdomo wote. "Siagi, ulipotelea wapi? Ati unataka tutembee miguu mitupu?" Nilimtukana, lakini kiatu chake nilikishona bure, na ukimwambia mtu nitakana.

Sasa lile swali lako. Ulikuja hapa na shati limechanika, umepigana shuleni kwa ajili ya jina langu, ukaniuliza, "Baba, ni kweli mpira ulikupita ukiutazama?" Ningekwambia kweli tungecheka sote, na pengine yangeisha hapo. Badala yake nikakufokea, "Toka hapa! Nenda ukacheze!" Nawe ukaenda ukacheza. Ulipiga mpira kuelekea ule ua wa miiba ya kaiyaba mpaka giza likaingia, na kesho yake tena, na kesho yake tena, mpira ukitoboka unaniletea nazibe. Nilijua unachofanya. Ulikuwa unalirudisha lile goli langu la Nanyuki. Nilikuona, nikanyamaza, na mbaya zaidi nilifurahi.

Kisha akaja Bwana Tomu. Kwako wewe alikuwa mwalimu wa hesabu pale shule ya harambee, Mmarekani mrefu aliyekula githeri yetu ya mahindi na maharagwe bila kulalamika. Mimi nilimjua kwa soli. Alikuwa anamaliza kiatu cha kulia kabla ya cha kushoto, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini. Alipenda kukaa kwenye benchi hapa, kikombe cha chai mkononi, akinihadithia kombe la kwao. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko wewe, na nataka uibebe kama nilivyoipokea, maana ndiyo nyumba unayokwenda kuingia.

Koleji yao iko katikati ya mahindi. Ilianzishwa na wakulima wa kanisa waliotaka watoto wao wasome bila kwenda mbali. Huo mpira wao wa umbo la yai waliuanza kwenye shamba lililovunwa, mabua bado yamesimama, na kocha alikuwa mwalimu wa Biblia. Vyuo vikubwa vya nchi ile vilikuwa na viwanja vinavyojaa watu kama siafu, vina bendi, vina magazeti. Vidogo havikuhesabiwa. Nani bingwa wa nchi nzima? Waandishi wa magazeti walipiga kura, na waandishi hawakufika kwenye mahindi. "Sisi tulishinda wote mwaka mzima," Bwana Tomu aliniambia, kama kwamba alikuwapo, "na Jumatatu hakuna mtu anajua."

Vyuo vidogo vikachoka. Vikasema na sisi tutafanya letu. Wakaanzisha kombe lao, mwanzoni mchezo mmoja tu mwisho wa mwaka, katika mji wa mbali uliokubali kuwapokea. Baadaye wakaongeza, timu nne, mbili kwa mbili, anayeshindwa anarudi kwao. Bwana Tomu alisema mtu wa koleji kubwa akisikia habari ya kombe lile hucheka kidogo puani. Nikamwambia namwelewa sana. Hata la kwetu lilikuwa bati.

Koleji yake ikafika fainali ya kwanza, mjomba wake akiwa mchezaji. Mvua ikanyesha, matope yakafunika hata namba za mgongoni, wakashindwa. Wakangoja miaka. Wakafika ya pili, hiyo ikachezwa theluji ikianguka, watu wamejifunga mablanketi, wakashindwa. Wakangoja tena. Siku ya fainali ya tatu mji wao ulibaki mtupu, kinyozi ameondoka, karani wa posta ameondoka, mchungaji ndiye aliyeongoza magari. Wako nyuma kwa pointi moja, saa inaisha, wakapata nafasi ya kupiga teke. Wewe unajua teke hilo lilivyo: mmoja anapiga goti, anakushikia yai kwa kidole kimoja, majitu yanakuja mbio kukuangukia, na wewe unapaswa kulipitisha juu, katikati ya milingoti miwili. Hilo ni pointi tatu. Hilo lilikuwa kombe.

Mpigaji wao akapiga, na yai likapita nje ya mlingoti. Nje kwa upana wa kiatu, alisema. Mpigaji huyo Bwana Tomu alimwita siku zote "kijana mmoja". Nikimuuliza kijana huyo yuko wapi sasa, alikuwa anainama kuonja chai ambayo ilikwisha kupoa.

Nakumbuka jioni aliyokuja na yai lenyewe, mkasimamisha milingoti ya mikaratusi uwanjani, nawe ukalipiga kwa upande wa mguu, kama mpira wetu. Kumbe kwao wengi hulipiga kwa ncha ya kiatu, mbele moja kwa moja! Lilipaa likapita katikati na kuvuka ua, ng'ombe wa watu wakakimbia. Bwana Tomu alishika kichwa kwa mikono miwili. Wewe ulifikiri anacheka. Mimi nilikuwa karibu, na sikuona kicheko. Wiki ile ile alimwandikia kocha wao.

Halafu ile filimu ya fainali yao ya tatu, aliyotuonyesha Bwana Tomu. Shule nzima na nusu ya Majengo mmekaa chini, shuka imetundikwa ukutani, jenereta inakoroma. Mama yako alifunika macho kwa mtandio kila walipogongana, akawa anauliza, "Wamemaliza kuuana?" Mwishoni akatokea yule kijana mmoja, kofia ya chuma kichwani, akapiga, likaenda nje. Ninyi vijana mkapiga kelele na kucheka. Yule kijana akabaki amesimama, mkono nyuma ya shingo. Mama yako akaondoa mtandio, akanivuta mkono wa shati, akaninong'oneza, "Huyo si ni Tomu? Angalia anavyosimama." Nikageuka kumtafuta Bwana Tomu. Alikuwa amekwenda nje kwenye baridi, kando ya jenereta.

Kesho yake alikuja na kiatu kizima, hakina kasoro. Nikakipokea nikakigeuza geuza. Kisha, sijui ni nini kiliniingia, nikamweleza habari ya Nanyuki. Yote, shuti hafifu, uwanja sawa, mpira niliousubiri upinde. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa mdomo wangu, hata mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Fundi, mimi pia."

Kwao, alisema, upepo hutoka upande mmoja siku zote, unapita juu ya mahindi bila kizuizi. Tangu utoto alizoea kulenga nje ya mlingoti, upepo ukamrudishia ndani. Uwanja wa fainali ulikuwa umezungukwa na kuta ndefu. "Upepo hakuna. Mimi nikalenga nje. Yai likaenda nje." Nikamuuliza, "Basi?" Akasema, "Basi." Tukatazamana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka Mutahi akachungulia mlangoni kuuliza kama tumelewa. Halafu Bwana Tomu akaacha kucheka ghafla, akapangusa macho. Mimi nilikimbilia Karatina. Yeye alikimbilia Nyeri.

Ndiyo maana nimekuandikia haya. Utafika pale, watakupokea vizuri, watakupa chakula na koti, na hakuna atakayekueleza kwamba mji mzima umesimama nyuma ya mguu wako ukingoja teke la zamani lirudi ndani. Nawe tayari ulikuwa umebeba langu. Sijui mguu mmoja hubeba mangapi.

Sasa lile jambo nililokufanyia.

Bwana Tomu alipomaliza muda wake hapa, wewe ulikuwa Mukurweini ukimsaidia Cucu kuchuma kahawa. Alikuja kuniaga, hakukaa kwenye benchi, alisimama. Akasema, "Fundi, jana nilikuwa naangalia uwanja yenu na nimeona kitu. Athumani anaegemea. Akipiga, anaegemea juu ya kilima. Kule kwetu hakuna kilima. Ataegemea bure, na yai litakwenda kando." Akasema nikupeleke Nanyuki, kwenye uwanja sawa, upige wiki chache tu, mwili wenyewe utasahau. Kocha wao si mtu wa subira, alisema. "Tafadhali, mwambie." Nikasema nitamwambia. Tukashikana mikono, na mkono wake ulikuwa baridi sana.

Ukarudi kutoka Mukurweini, vidole vyeusi kwa utomvu, nami sikukwambia.

Kwanza nilijiambia umechoka, upumzike. Kisha nikajiambia tungoje njumu ninazokushonea ziishe, utapigaje bila njumu? Kisha baridi ya Julai ikaingia na manyunyu yake, nikajiambia Nanyuki huko utapata homa ya mapafu. Kila siku niko na sababu nzuri, mimi, mtu ambaye mteja akichelewesha neno namfokea. Mpaka jioni moja nikiwa nashona kisigino, nikauona moyo wangu ulivyo, na nikaona aibu hata mbele ya sindano.

Barua ya kocha ya kukuita kwao tuliisoma pamoja, wewe ukinitafsiria. Mwaka mmoja. Ukipiga vizuri watakusomesha mpaka umalize. Tiketi ya kurudi ni ya mwaka huo mmoja tu, ukikaa zaidi imekufa, na mimi kwa nyundo hii sina namna ya kukupatia nyingine. Wewe ulisoma ukaona mlango wa masomo. Mimi nikasikia jambo lingine. Nikasema moyoni, akikosa, atarudi. Atarudi kabla ya mvua ya Aprili, atakaa hapa kwenye benchi, watu watamcheka kidogo, watamtafutia jina, maisha yataendelea. Hapo nilikuwa nashona njumu zako mara mbili, uzi umepakwa nta, ngozi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kugusa, na huku natamani zikose. Ni baba gani huyo? Niambie.

Kwa hiyo leo ukaja ukazivaa. Ukasimama hapa kwenye saruji. Sakafu hii niliimwaga mwenyewe, nikaipima kwa pimamaji, haina mteremko hata kidogo. Na wewe ukasimama umeegemea. Bega moja juu, goti moja limelegea, kana kwamba mto Chania uko kushoto kwako, hapa hapa chini ya kabati la viatu. Hukujua. Nilikutazama nikaona uwanja wetu wote ndani ya mwili wako, ua, ng'ombe, mikaratusi, na mimi mlangoni nikikufokea utoke. Nikauliza kama zinakubana.

Sasa umejua. Najua nimekwambia wakati ambao haunisaidii mimi wala wewe. Basi la Nairobi linaondoka alfajiri na hakuna Nanyuki tena. Nimekaa hapa nafikiri nitarekebishaje, na mikono hii inayorekebisha kila kitu Nyeri nzima haina pa kushika. Nilifikiri nipunguze soli ya njumu moja, ikusimamishe sawa. Nimeichukua, nimechukua kisu, nimeviweka chini vyote. Nitakuharibia mguu pia.

Hivyo nakuomba wewe ufanye nililopaswa kufanya. Ukifika, kabla hawajakutazama, tafuta uwanja wao asubuhi peke yako. Simama tu kwanza. Usipige. Simama mpaka miguu ichanganyikiwe, mpaka ujihisi unaanguka upande ambao hakuna shimo. Hapo ndipo sawa ilipo. Itakuuma, utaona kama unatusahau. Halafu angalia nyasi zinalala upande gani, ujue upepo wao, maana Bwana Tomu hakuutaja kwa mchezo. Yule atakayepiga goti kukushikia yai, mjue jina, mjue na mama yake. Mtu anayeweka kidole chake karibu na teke lako si mtu wa kupita.

Watakuita jina. Athumani litawashinda, watalikata mahali watakapopenda. Likiwa zuri, likubali. Likiwa baya, likubali pia, lakini usilikimbie. Hili ndilo peke yake ninalolijua kweli duniani, mengine yote nimeyasikia kwa watu. Nilipigana na jina langu likawa donda. Nilipoliacha likae, likawa njia ya watu kufika dukani kwangu.

Wala usimchukie Bwana Tomu, akikuandikia mjibu. Na ukikosa, Athumani, rudi. Rudi mara moja, usipitie Karatina yoyote. Mutahi tayari ameanza kukutafutia jina, namjua, na mimi nitakuwa nimesimama hapa kituo cha basi nikicheka na kulia pamoja kama mjinga. Mama yako atapika. Cucu, Mungu akipenda, atakutemea mate tena.

Lakini ukipitisha, hutarudi. Si mwaka huu, si ujao. Watakushika na kukusomesha, na hapa watu watazeeka bila wewe. Cucu pengine hutamkuta. Mimi pengine utanikuta siwezi tena kutia uzi kwenye sindano, namngoja mtoto wa jirani anisaidie. Nimeliangalia jambo hili kila upande, kama ninavyogeuza kiatu, na hakuna upande ambao mimi sikupotezi kidogo.

Nakusikia unavuka barabara, unakuja kuchukua njumu. Nitakunja hii niisukume ndani ya kiatu cha kulia, mpaka kwenye vidole, uikute siku utakayovaa kule. Ukiingia sasa nitakuuliza tu kama umekula.

Nataka urudi, mwanangu. Nimelitaka hilo kwa siri miezi miwili na nimelitaka vibaya. Sasa nalisema wazi mara moja, nisije nikalirudia tena hata kwenye dua. Halafu nasema hili lingine, nalo ndilo utakalokwenda nalo uwanjani.

Simama sawa. Pitisha.

Mimi baba yako,
Fundi Siagi